Habari za Papasi na Homa Yake katika Njia za Chumvi

Katika kijitabu hiki cha jubilei zimeandikwa habari za makanisa, na za shule, na za watu waliotutangulia. Nasi tuliombwa kuandika habari moja ya kale ya nchi ya bondeni, tukachagua habari ya mdudu. Labda msomaji atacheka. Lakini mwalimu aliyepata kulala juu ya mkeka katika nyumba ya udongo huko Ivuna, akaamka asubuhi na madoa mekundu kiunoni, hatacheka. Yeye atajua mara moja twanena nini.

Ivuna ni nchi tambarare upande wa kusini wa Ziwa Rukwa. Siku hizi imo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na ule wa Mbeya mwaka 2016. Wataalamu wa mbali huijua kwa sababu ya jiwe lililoanguka kutoka angani jioni ya tarehe 16 Desemba 1938, jiwe jeusi lenye uzito wa gramu 700 hivi, ambalo jina lake hata leo ni Ivuna katika vitabu vyao. Lakini wenyeji na jirani zao waliijua kwa kitu kingine tangu zamani sana, yaani chumvi. Katika miaka ya 1960 Brian Fagan na John Yellen, watu wa elimu ya mambo ya kale, walichimba penye chemchemi za chumvi, wakakuta marundo makubwa ya vigae vya vyungu. Wakapima, wakaona ya kuwa watu walikuwa wakipika chumvi pale tangu karne ya 13 hivi. Maji ya chumvi yalichemshwa vyunguni hata yakakauka, na chumvi ikabaki.

Chumvi ni kitu ambacho kila nyumba huitaka, na penye chumvi ndipo penye njia. Wawanda walikuwa nayo karibu. Wanyiha na Wanyamwanga walitelemka kutoka milimani, na wengine walitoka mbali zaidi. Msafiri alikuwa na mzigo, mkeka, na kikapu cha chakula. Jua lilipokuchwa alitafuta kibanda cha kulala, mara nyingi kibanda kilekile walimolala wasafiri wa jana na wa juzi. Baadaye zikaja njia nyingine. Upande wa kusini ikapita njia ya Stevenson, iliyoanzwa mwaka 1881 ili kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wamisionari wa Kimoravian wakafika Rungwe mwaka 1891, na Mbozi mwaka 1899, nao pamoja na walimu wao wa kwanza wakazunguka vijijini kwa miguu. Watu hao wote walilala njiani, na mwenzao wa kulala alikuwa papasi.

Inafaa tumweleze vema, kwa maana wengi humchanganya na kupe. Kupe tunayemjua kwa ng'ombe ana ganda gumu mgongoni. Hukaa majanini, humshika mnyama apitaye, naye hukaa mwilini siku nyingi akinyonya mpaka avimbe kama punje ya mbarika. Papasi hana ganda lile. Ngozi yake ni laini, yenye mikunjo, rangi ya vumbi, na akiwa na njaa ni bapa kama mbegu ya tikiti. Haishi majanini bali nyumbani: katika nyufa za kuta, katika vumbi la sakafu ya udongo, chini ya mafiga, katika miguu ya kitanda cha kamba. Mchana humwoni. Usiku, watu wakiisha kulala, hutoka, hunyonya damu muda wa nusu saa au zaidi kidogo, kisha hurudi ufani kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo mtu huamka na alama bila kumwona aliyeitia. Tena ana saburi ya ajabu: aweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akingoja. Nyumba iliyohamwa na kuachwa tupu yaweza kuwa na papasi hai hata watu wa kwanza wakisahauliwa.

Kupe naye huwapa watu maradhi, hatukatai. Wachungaji wengi, wenyeji na ndugu zetu Wasukuma walioingia bondeni na mifugo yao katika miaka ya karibuni, wamepata kuona kidonda kidogo cheusi mahali alipouma kupe, kisha homa na maumivu ya kichwa. Hiyo ni homa nyingine, ya jamii ya taifasi. Na ndigana inayoua ndama huletwa na kupe pia, ila hiyo haimpati mtu. Haya tunayapita, maana kazi yetu leo ni papasi.

Mzungu wa kwanza kuandika sana habari zake alikuwa Daktari David Livingstone. Mwaka 1854 alikuwa Ambaca katika nchi ya Angola, akaumwa. Naye akaeleza jinsi maumivu na mwasho yalivyopanda kutoka mahali palipoumwa, na jinsi mtu awezavyo kutapika na kuharisha. Alipofika Tete, katika Msumbiji, mwaka 1856, Wareno wakamwambia ya kuwa huko homa hufuata, na kwamba watu wengine wamekufa kwayo. Aliona jinsi walivyojitahidi kuwalaza watu wake mbali na nyumba zenye wadudu hao, ndipo akafahamu ya kuwa hofu yao ilikuwa na sababu. Wenyeji walijua mambo hayo tangu zamani. Wamanyema wa Kongo humwita kimputu, na Waswahili wakaiita homa yenyewe kwa jina la mdudu, homa ya papasi, kabla daktari yeyote hajaionyesha sababu yake. Twaona ni haki kulisema neno hili, kwa kuwa vitabu vingi huanza habari mahali Mzungu alipoanza kuijua.

Lakini kujua kwamba mdudu huleta homa ni jambo moja, na kujua namna ni jambo lingine. Mwaka 1904 mambo yalifunguka upesi. Daktari Albert Cook wa hospitali ya misheni ya Mengo, Uganda, aliandika habari za homa ya kurudi-rudi katika nchi ile. Mwaka uleule madaktari Ross na Milne, nao wa Uganda, wakatangaza ya kuwa papasi ndiye mchukuzi. Na katika Kongo ya mashariki walikuwako vijana wawili waliotumwa na shule ya maradhi ya nchi za joto ya Liverpool, Joseph Dutton na John Todd. Hao waliwaacha papasi waume nyani, na nyani wakaugua. Wakafanya zaidi: wakachukua papasi wachanga walioanguliwa katika mayai, wasiopata kumuuma mgonjwa hata siku moja, wakaona ya kuwa hao pia huambukiza. Maana yake mama huwarithisha watoto wake maradhi ndani ya yai. Katika kazi hiyo wote wawili walishikwa na homa ileile. Todd akapona. Dutton akafa huko Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka uliofuata, Novy na Knapp huko Marekani wakakipa kijidudu jina kwa kumkumbuka, na jina hilo lingali likitumika: Borrelia duttonii.

Mwaka huohuo wa 1905 alifika Dar es Salaam Profesa Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kujulikana ulimwenguni kote kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu. Alisafiri bara hata Iringa, akikusanya papasi katika vibanda vya wasafiri kandokando ya njia. Aliwapasua, akatazama kwa darubini ya kukuzia, akaviona vijidudu ndani yao, na ndani ya mayai yao pia. Hakukuta papasi katika njia kuu tu, bali hata katika vijiji vilivyo mbali na njia. Akawashauri wasafiri wasilale katika vibanda vya zamani wala karibu navyo, bali wapige hema kando. Shauri jema, lakini msomaji ataona kasoro yake: mpagazi hakuwa na hema.

Koch aliona neno jingine, nalo lapatana na maneno tuliyoyasikia kwa wazee wa bondeni. Wazee walisema ya kuwa papasi wa nyumba hamdhuru mwenye nyumba, ila mgeni. Sisi tulipokuwa watoto tulidhani ni mzaha tu. Koch akaeleza kwamba wenyeji huugua wakiwa wadogo, na wale waliopona hupata nguvu ya kuizuia homa ukubwani. Basi wazee walisema kweli, lakini nusu yake. Nusu nyingine ni wale watoto ambao hawakupona, wasioweza kusimulia lolote.

Vita Kuu ya 1914 hata 1918 iliwatupa watu wengi sana katika vibanda vya njiani. Majeshi ya Wajerumani, yakifuatwa na Waingereza, yalipita Mbozi mwaka 1918, yakaingia Fife na Kasama, na mwisho yakaweka silaha chini huko Abercorn, ambao sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Homa ya papasi ilikuwa mojawapo ya maradhi ya vita ile, pamoja na malaria na kuhara, na wapagazi wengi waliokufa hawakuandikwa majina, sembuse maradhi yao.

Sasa tueleze homa yenyewe. Mtu akiisha kuumwa hupita siku chache, mara nyingi juma moja hivi, kisha homa humshika ghafula: baridi, kichwa, viungo, kutapika. Hudumu siku tatu au nne, mwili ukatoka jasho jingi, na homa ikaondoka. Mgonjwa hushukuru, huenda shamba. Baada ya juma moja hurudi. Huondoka tena, hurudi tena, na mtu asiyetibiwa aweza kurudiwa mara nyingi. Sababu yake imejulikana. Vijidudu hivi ni vyembamba, vimesokotwa kama uzi wa parafujo, navyo huogelea katika damu. Mwili hutambua nguo yao, yaani ngozi yao ya nje, huwaua. Lakini wachache hubadili nguo hiyo. Ni kama wevi waliojulikana kwa kanzu nyeupe: wakakamatwa wote, ila wawili waliovaa nyeusi wakapita mbele ya mlinzi, wakaenda kuzaana. Mlinzi akiijua nyeusi, wengine wamekwisha kuvaa ya kijani.

Hayo hatukuyasoma kwanza katika kitabu. Yapata miaka 12 iliyopita tulitumwa watu watatu kuwafundisha watoto wa ubatizo katika kijiji kimoja cha bondeni. Mwenyeji wetu alikuwa mama mjane. Akatupa chumba chake, akasema, "Wanangu, kitanda ni kimoja. Lakini msilale chini, walaleni wote kitandani hata mkibanana." Tukamjibu, "La, mama, mkubwa wetu atalala kitandani, sisi tutalala mkekani." Tulifanya hivyo kwa adabu, tukafurahi kuwa na adabu. Siku ya nane sisi wawili wa mkekani tulikuwa tunatetemeka. Wa kitandani alikuwa mzima.

Tulikwenda kwenye zahanati moja. Tukatobolewa kidole, kipimo cha haraka kikatazamwa, tukaambiwa hakuna malaria. Tukapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Siku ya nne homa ikatoka, tukarudi kazini. Ikarudi. Tukaenda tena, kipimo kilekile, jibu lilelile. Mara ya tatu ndugu zetu wakatupeleka hospitali ya mbali, na pale palikuwa na mzee mmoja wa maabara, karibu na kustaafu, aliyependa darubini yake kuliko vipimo vipya. Alipaka damu yetu kiooni, akatazama kitambo, akasema, "Mwalimu, njoo umwone mgeni wako." Tukaona duara nyingi za damu, na katikati yao nyuzi fupi zilizosokotwa.

Tulipewa dawa ya jamii ya tetrasaiklini. Muuguzi akatuonya ya kuwa usiku ule tutaona vibaya kuliko siku zote, na ikawa hivyo: vijidudu vikifa kwa wingi mara moja, mwili hutikisika, homa hupanda, na wengine moyo hulegea. Ndiyo maana si vema mtu kujinunulia dawa hiyo dukani na kujitibu peke yake nyumbani. Asubuhi tuliomba uji. Homa haikurudi tena.

Neno la kipimo twataka walimu walishike. Vipimo vya haraka vya malaria vilianza kuenea katika zahanati zetu yapata mwaka 2009, na ni jambo jema. Vimezuia watu wengi kupewa dawa isiyowahusu. Lakini kipimo hicho chajibu swali moja tu. Zamani, mtu aliyetazama damu kwa darubini akitafuta malaria aliweza kumkuta papasi bila kumtafuta. Sasa pasipotazamwa, hapaonekani. Na damu yapasa kutolewa wakati homa ingali juu. Ikiisha kushuka, vijidudu huwa vichache mno.

Tulipopona tulirudi kwa yule mama, maana tulikuwa tumeiacha kazi katikati. Ndipo alipotuambia habari za binti yake, aliyeishi naye uani. Binti huyo mimba mbili zilikuwa zimeharibika, zote baada ya homa ya kurudi-rudi. Kijijini walikwisha kutoa hukumu. Bibi mmoja, jirani, alitajwa. Pakawa na baraza, bibi akaambiwa ahame. Nasi, ni lazima tuandike, tulikuwapo katika baraza lile, katika safari ya kwanza. Tulikuwa na Biblia mkononi, tukanyamaza. Tulijiambia ya kuwa sisi ni wageni, na kwamba mambo ya ukoo ni ya ukoo. Ukweli ni kwamba hatukuwa na sababu nyingine ya kuweka mahali pa uchawi, na mtu asiye na sababu nyingine hunyamaza upesi.

Homa hii huwaonea wajawazito. Vijidudu huwa vingi katika damu yao, huweza kupita hata kwa mtoto tumboni; mimba hutoka, au mtoto huzaliwa kabla ya wakati na kufa katika siku za kwanza. Utafiti wa vijiji vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1997 ulieleza jambo hili wazi. Basi mimba ya tatu ya binti yule ilipofika mwezi wa sita, naye akashikwa na homa, mama yake hakungoja. Walikwenda kwa yule mzee wa maabara. Uzi ukaonekana. Akapewa dawa ifaayo wajawazito, akalindwa usiku kucha, na mtoto akazaliwa kwa wakati wake. Sasa anasoma shule ya msingi.

Dawa ya nyumba ni kazi ndefu kuliko dawa ya mtu. Huko Mvumi, Dodoma, penye hospitali ya misheni ya Kianglikana, homa ya papasi iliwasumbua watoto miaka mingi. Nyumba zenye papasi zikapuliziwa dawa ya wadudu, na taarifa ya mwaka 1998 yaonyesha ya kuwa homa ilipungua kwa watoto walio chini ya miaka 5. Wataalamu waliofanya kazi katika upande ule wamekuta vijidudu hivi hata katika kuku na nguruwe, wakatangaza hayo mwaka 2007; kwa hiyo kuwalaza kuku ndani ya chumba cha watoto si uchumi mzuri. Mahali pasipo na dawa, watu wamesaidiwa na ukandikaji wa kuta usioacha nyufa, na sakafu ngumu, na kitanda kilichotengwa na ukuta, na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Tofali la kuchoma na saruji vimemfukuza papasi mahali pengi bila mtu yeyote kukusudia kumfukuza. Lakini saruji ina bei, na bondeni zingali nyumba nyingi za udongo, na jikoni penye joto papasi hupapenda sana.

Mama yule na wana wa ukoo walibomoa ukuta wa nyumba ya uani, wakaukandika upya, wakapiga sakafu. Katika udongo uliobomolewa tuliokota papasi kumi na mmoja, tukawatia katika chupa yenye pombe kali.

Chupa hiyo tulikwenda nayo Kamsamba, kwa kaka yake yule bibi aliyefukuzwa, maana ndiko alikokuwa akikaa. Wawili wa wazee wa baraza lile walikubali kufuatana nasi. Wa tatu alikataa. Mkubwa wao akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, bibi. Tumekuja kwa ajili ya neno tulilokutendea." Yeye akaitikia, "Marahaba," wala hakusema neno lingine kwa muda mrefu. Tukamwonyesha chupa, tukaeleza. Aliishika karibu na macho, akaigeuza-geuza penye mwanga.

"Huyu namjua tangu utotoni," akasema. "Alikuwa nyumbani kwangu pia."

Akatuandalia ugali na samaki wa Rukwa. Wazee walimwomba arudi Ivuna, wakasema nyumba yake watamjengea. Alijibu ya kuwa shamba lake la huku lilikuwa limekwisha kupandwa, na kwamba atafikiri baada ya mavuno. Hakurudi. Tulipomtembelea mwaka uliofuata alikuwa amewaomba watoto wa kaka yake wamkandikie kuta zake pia, naye alisimama mlangoni akiwaonyesha kwa fimbo kila ufa walioupita.